Nilisema Natoka Ujiji

Aliyenifundisha kusema uongo alikuwa mtu mwema. Tulilala chumba kimoja katika chuo cha ualimu Kasulu, yeye akitokea Tanga na mimi Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili ndicho tunachoamkia na Kirundi tunakikuta shuleni na sokoni. Baba ndiye aliyeamua nije Tanzania mwaka 2012. Alisema siku zinakuja ambapo shule za kwetu zitataka walimu waliosomea Kiswahili, si waliokiokota barazani, na Kasulu ilikuwa karibu kuliko kwingine kote. Nilikuja na pasipoti, kibali cha mwanafunzi na begi moja la nguo.

Mwaka ule kambi moja ya Warundi upande wa Kasulu ilikuwa inafungwa. Malori yalipita barabara kuu yakiwa na watu, magodoro na kuku, yakielekea nilikotoka mimi. Siku moja sokoni niliuliza bei ya nyanya, muuzaji akanitazama toka kichwani hadi kwenye ndala, akaniuliza kama lori limeniacha. Hakuwa na hasira. Aliuliza vile mtu anavyomuuliza mwenzake kama amekosa basi. Wanawake wawili waliokuwa karibu walicheka, mimi nikaziacha nyanya pale pale.

Niliporudi chumbani nikamweleza mwenzangu. Alikuwa anapiga pasi, wala hakuinua macho.

"Wewe sema Ujiji," alisema. "Kiswahili chako na cha Ujiji nani atavitofautisha? Na hicho Kirundi kiache humu humu chumbani."

Chuoni walinijua, jina langu lilikuwa kwenye daftari na uraia wangu pembeni yake. Lakini nje ya geti nikawa mtu wa Ujiji. Mwanzoni ulikuwa uongo mwepesi, wa kununulia nyanya. Sikujua kwamba uongo wa namna hiyo una kazi ya kila siku kama mtoto mchanga.

Julai 2013 tulipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Wengi walibaki shule za Kasulu. Mimi nilipangiwa Kibondo, shule ya msingi moja katika kata ya Kumsenga, peke yangu. Nilipewa bahasha iliyogundishwa kwa ajili ya mwalimu mkuu. Barua hizo nilizijua, zote zilikuwa za namna moja, zikitofautiana jina na masomo tu, kwa hiyo sikuiwazia.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amekaa Kibondo miaka mingi hadi akaoa huko. Aliifungua bahasha mbele yangu, akaisoma taratibu, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Unatokea wapi, mwalimu?"

"Ujiji, mkuu."

Aliitikia kwa kichwa, akaniambia nitafundisha Hisabati na Kiswahili darasa la nne. Nilipotoka nilihisi amenitazama mgongoni muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kuanzia siku ile nikaanza kuhesabu macho ya watu.

Nilipangishiwa chumba kwa bibi mmoja mjane, nyumba ya tofali za kuchoma, umbali wa dakika kumi kutoka shuleni. Alikuwa Muha wa pale pale, mkavu wa mwili, mwenye mazoea ya kuongea huku anafanya kazi nyingine: akimenya muhogo, akichambua maharage, akipuliza moto. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia ukubwani, kizito, lakini kila neno lilifika lilikotumwa. Asubuhi za Julai huko juu ni baridi. Tulikuwa tunakaa jikoni kabla sijaenda shule, na ndipo alipokuwa ananiuliza. Wazazi wako hai? Baba anafanya nini? Ujiji mnakaa sehemu gani? Ziwa mnaliona kutoka nyumbani?

Ujiji nilikuwa nimefika mara moja, kwa siku mbili. Nilijibu kwa kuyaazima mambo ya Buyenzi. Kesho yake aliniuliza tena lile la ziwa, kwa maneno mengine, nami sikukumbuka jana nilisema tunaliona au hatulioni.

Shuleni ilikuwa afadhali na pia mbaya zaidi. Kiha na Kirundi ni kama watoto wa ndugu wawili. Mtu wa hiki humsikia mtu wa kile bila mkalimani. Walimu wenyeji, wakitaka kusema jambo ambalo wageni wasilisikie, walihamia Kiha. Mimi nilikuwa nimewaambia wote, na bibi pia, kwamba Kiha sikijui. Kwa hiyo nikawa nakaa ofisini, nimeinamia andalio langu la somo, nikisikia yote. Nilisikia nani amegombana na mumewe. Nilisikia kwamba mwalimu mkuu anawapendelea watu wa mbali. Kisha nikaanza kujisikia mwenyewe.

Aliyenisema zaidi alikuwa mwalimu wa kike wa darasa la sita, mwenyeji, mnene kidogo, aliyekuwa hodari sana darasani. Watoto wake walikuwa wanafaulu. Alisema kwa Kiha kwamba mtu wa Ujiji gani huyu asiyesalimia kama watu wa Ujiji. Alisema naandika mno. Ni kweli nilikuwa naandika. Chuo kilitutaka tujaze tathmini kila baada ya kipindi. Siku nyingine alisema watu kama mimi huja wakiwa wanyonge, wakishazoea wanavuta na jamaa zao, na kesho mwenyeji hana shamba. Wenzake wakaguna. Mimi nikaendelea kuchora mstari wa pambizo, na rula ikateleza.

Wiki ya pili niliteleza mwenyewe. Kwetu Buyenzi daftari tunaliita kaye, ni neno tulilolirithi kwenye Kifaransa, na limekaa mdomoni kama jino. Nikawaambia darasa la nne wafungue kaye zao. Watoto wakatazamana. Mmoja akarudia neno lile kwa sauti, darasa likacheka. Nikajirekebisha haraka, lakini nilipogeuka nilimwona mwalimu wa darasa la sita amesimama kwenye dirisha, ameshika boksi la chaki. Aliondoka tu.

Lakini jambo linaloniuma hadi leo halikuwa hilo. Darasani kulikuwa na msichana mmoja, anakaa dawati la tatu, mnyamavu, mwenye mwandiko mzuri. Tulikuwa tunafanya kugawanya kwa baki. Hesabu zenyewe aliziweza. Swali la maneno likija, anakwama. Niliandika ubaoni kwamba mama ana maembe kumi na saba, awagawie watoto watano sawasawa, yabaki mangapi. Akaandika tatu. Nikamfutia, nikaeleza tena, akaandika tatu tena. Kisha nikamsikia akimnong'oneza jirani yake kwa Kiha, akiuliza mwalimu anataka nini, kwani kila mtoto si kabaki na matatu mkononi?

Nilielewa papo hapo. Hakuwa hajui hesabu. Neno "yabaki" ndilo lililompeleka kwingine, kwa watoto badala ya kapuni. Nilikuwa na neno moja la Kirundi ambalo lingemaliza kazi kwa sekunde mbili, ibisigaye, yale yaliyosalia, na nina hakika angelipokea kama la mama yake. Nilifungua mdomo. Dirisha lilikuwa wazi. Nikaufunga mdomo, nikamwandikia kosa, nikaendelea na swali la pili. Alikiangalia kile kialama chekundu, akalifunga daftari lake polepole.

Siku zile zile redio ikaanza kutangaza kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke wenyewe kabla ya kuondolewa. Bibi alikuwa na redio ndogo ya betri iliyofungwa kwa mpira, na tangazo lilirudiwa kila taarifa ya habari. Yeye alisikiliza akichambua maharage. Mimi nilikuwa na kibali halali, kimegongwa mhuri, kipo ndani ya begi langu. Lakini mtu aliyekwisha kusema uongo haamini hata karatasi yake ya kweli. Niliwaza: nikiitoa sasa, wataniuliza kwa nini nilisema Ujiji. Na mtu mwenye haki, wataniuliza, alijificha kwa nini?

Nikaanza kulilinda begi. Nilikuwa naifunga zipu hadi kona ya kushoto, naondoka. Jioni moja nikakuta imefungwa kulia. Vitu vyote vilikuwemo, pasipoti chini ya khanga kama nilivyoiacha, au karibu kama nilivyoiacha. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Usiku ule nilikula kidogo na nikamtazama bibi kila alipogeuza uso. Nilimwona kuwa kila kitu: mpelelezi, mchawi, mke wa mpelelezi. Wala hakuwa na mume.

Siku tatu baadaye, saa kumi na mbili jioni, tulikuwa jikoni. Mimi nimekaa kwenye kigoda nasahihisha madaftari kwa mwanga wa mlangoni, yeye anasonga ugali wa muhogo kwa mikono miwili. Bila kugeuka, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi, alisema kwa Kiha kwamba kaa la moto limeangukia pindo la kitenge changu.

Nikaruka. Madaftari yakamwagika. Nikakipiga kitenge mara mbili, tatu, kabla sijaona kwamba hakuna kaa, hakuna moshi, na kwamba bibi ameacha kusonga na ananitazama.

Hakucheka. Aligeukia sufuria, akaendelea. Tulikula ule ugali kwa dagaa hadi ukaisha na hakuna aliyetaja lililotokea. Nilitamani anitukane, nijue tumefika wapi.

Siku ya pili yake, kipindi cha tatu, mtendaji wa kijiji alikuja shuleni. Nilimwona akiegesha pikipiki chini ya mlingoti wa bendera. Baada ya muda mfupi niliitwa ofisini kwa mkuu. Ofisi ya walimu niliyoipita ilikuwa kimya. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa anahesabu vitabu, na alivihesabu upya nilipopita.

Mtendaji alikuwa kijana, si mkali, amechoka. Alisema ameagizwa kuorodhesha wageni wote wa kijiji, na kwamba ameletewa taarifa kuna mgeni hapa shuleni asiyejulikana alikotoka. Alinitazama akingoja.

Kabla sijajibu, mwalimu mkuu alifungua droo. Akaitoa ile barua niliyokuja nayo, akaiweka mezani, akaigeuzia upande wangu. Mstari wa pili, baada ya jina langu, chuo kilikuwa kimeandika: raia wa Burundi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ana kibali.

"Ninajua tangu siku uliyofika," alisema. "Nilikuuliza ili useme mwenyewe."

Nilimuuliza, nadhani, kama na walimu wenzangu walijua. Alisema barua ya mgeni lazima mwalimu wa taaluma aione, na mwalimu wa taaluma alikuwa yule wa darasa la sita. Nikafikiria wiki zote tatu. Nikafikiria maneno yake ya Kiha juu ya mashamba na jamaa wanaovutwa. Alikuwa hasemi kwa siri mbele yangu. Alikuwa ananiambia.

Mtendaji alitaka kuviona vibali kwa macho, kisha akasema ni vizuri zaidi niripoti uhamiaji Kibondo mjini mwenyewe, nikiwa na barua ya mkuu, kuliko kungoja kuulizwa njiani. Mchana ule ule nikapanda bodaboda. Vumbi jekundu lilinijaa hadi masikioni. Ofisini nilikaa kwenye benchi pamoja na mama mmoja na watoto wake wawili. Yeye hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa ameshika kadi ya kliniki ya mtoto kana kwamba itatosha. Mimi nilishughulikiwa kwa robo saa. Afisa alinakili namba za kibali, akaniambia nitembee nacho, na akaniuliza, kwa udadisi tu, Kiswahili changu nimejifunzia wapi kizuri hivi. Nilisema nyumbani, Buyenzi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Kibondo kulitamka jina hilo. Yule mama bado alikuwa kwenye benchi nilipotoka, na sikujua nimwambie nini, nikampita.

Nilifika kwa bibi jua linazama. Nilikuwa nimejipanga njia nzima: shuleni walikuwa wanajua nilikotoka, aliyebaki ni yule wa kaa la moto. Nikamwambia kwa Kirundi, moja kwa moja, kwamba ninajua ni yeye aliyekwenda kwa mtendaji.

Alijibu kwa Kiha, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tuliongea kila mtu kwa raha yake.

"Nilikwenda," alisema. "Ulitaka nifanye nini?"

Kisha akanieleza, huku anamenya muhogo. Miaka ya nyuma mwanawe alioa msichana kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi. Hawakuandikisha popote, waliona hakuna haja, wote walikuwa wanasikilizana. Ulipokuja msako wa wakati ule, walimchukua yule mkwe asubuhi, mtoto akiwa mgongoni kwa bibi. Bibi mwenyewe aliulizwa kwa nini alimficha mgeni, akalala mahabusu siku mbili. Mkwe hakurudi. Mwanawe alimfuata huko na yeye hakurudi. Mjukuu alikaa naye mwaka mmoja, baadaye wakatuma mtu kumchukua.

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekwenda na wewe kwa mtendaji tukaandikisha, yakaisha," alisema. "Lakini ulikaa hapa ukanidanganya kila asubuhi na chai yangu mkononi. Nikajua huyu hana karatasi."

Nilimuuliza kuhusu begi. Alisema hajawahi kuligusa, alifagia tu. Nilitaka kumwamini na sikuweza, na alikiona hicho usoni mwangu. Aliinuka akaenda kuangalia kuku. Kwa wiki nzima nilikula chumbani, nikimshukuru na kumkasirikia kwa pamoja, na sahani niliyoiacha mlangoni aliichukua akaiosha.

Jumatatu iliyofuata niliandika lile swali la maembe tena. Nilikwenda hadi dawati la tatu, nikainama, nikamwambia yule msichana neno moja la Kirundi. Alinitazama kama mtu aliyesikia ng'ombe akiongea. Kisha akaandika mbili, chini yake akapiga mistari miwili kwa rula. Nyuma yake darasa zima likaanza kunong'ona, na safari hii sikujifanya sisikii. Mkuu aliniita baadaye akanikumbusha kwamba lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Nikasema ndiyo, mkuu. Aliongeza kwamba neno moja moja hatalisikia.

Nilidhani baada ya hapo mambo yatalainika. Hayakulainika, yalibadilika tu. Ofisini walimu wakaacha kabisa kuongea Kiha nikiwepo. Nilipoingia, mazungumzo yalisimama, kisha yakaanza kwa Kiswahili juu ya mvua. Zamani nilikuwa na masikio na sina mdomo. Sasa nilikuwa na mdomo, na hakuna aliyenipa cha kusikia. Mkaguzi kutoka chuoni alikuja, akakaa nyuma ya darasa, akanipa alama nzuri na kusema ninajiamini. Nusura nicheke.

Kwa bibi nilirudi jikoni siku ya nane, kwa sababu ya baridi na kwa sababu maharage yake yalinukia. Hatukusuluhishwa na mtu. Aliniuliza Buyenzi kukoje, nikamweleza kwa kirefu, na safari hii akiuliza mara ya pili majibu yalikuwa yale yale.

Siku ya kuondoka, katikati ya Septemba, nilikuwa nasubiri gari la Kibondo kando ya barabara, nikaunganishe basi la Kasulu. Nikamwona mwalimu wa darasa la sita anakuja kwa miguu, peke yake, akiangalia nyuma. Nilikaza mkono kwenye begi. Nilifikiri anakuja kusema la mwisho.

Alinisalimia kwa Kiha. Hakuwahi kufanya hivyo tangu nifike. Aliuliza kama nitakwenda nyumbani likizo ya Desemba, nikasema nadhani. Akatazama barabara pande zote mbili, kisha akanitajia jina la mlima mmoja, kule Ruyigi, Burundi, ambako kijiji huitwa kwa mlima wake, na jina la familia. Alisema mama yake alizaliwa huko. Alivushwa akiwa mtoto, akakulia hapa, na alipofariki hakuna wa upande ule aliyejua. Hapa shuleni hakuna anayejua habari hiyo, alisema, na alilisema hilo mara mbili.

"Ukiwapata," alisema, "waambie alizaa watano. Waambie mimi ni mwalimu."

Nilimwambia ukweli, kwamba mimi ni mtu wa mjini, Ruyigi sijawahi kufika. Lakini nililiandika jina la mlima na la familia kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari langu la tathmini, akiwa ananitazama, na akanisahihisha herufi moja. Gari likatokea. Alipunga mkono kulisimamisha kwa niaba yangu, akaondoka upesi kabla halijasimama, ili waliokuwemo wasituone pamoja.